Kinamasi Kisichokuwa na Kitu

Chini ya shamba la Muthamia, karibu na Kanyakine, palikuwa na kinamasi ambacho ng'ombe angekivuka kwa hatua kumi. Maji yalibubujika hapo mwaka mzima. Kwera walifuma viota kwenye matete, kaa wa rangi ya udongo waliishi chini ya mawe, na palikuwa na vyura wadogo wa kijani ambao hungewaona kwingine kokote kwenye mteremko ule. Pembeni zilimea nduma ambazo Muthamia aliachiwa na mama yake.

Muthamia, mtu wa miaka hamsini na maneno machache, alishuka huko kila asubuhi kuteka maji. Kaa akiingia kwenye dumu, alimrudisha kwa mkono. Huko hakuna aliyemwuliza mbona amenyamaza.

Mwaka juzi akaja Winrose, msichana wa mradi wa kupeleka maji Mitunguu, na fomu yake ya kuandika vilivyomo kila shambani ambapo mfereji ungepita.

"Mzee, kule chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, madam."

Kwao mgeni hujibiwa hivyo. Hata ghala likijaa, mwenye boma husema hana kitu, kisha huleta chakula. Na kweli Gatwiri, mkewe, akaleta chai na nduma za moto. Winrose akala vipande vitatu.

"Nduma tamu hivi mnanunua wapi?"

Muthamia akacheka tu, akatia sahihi.

Miezi mitatu baadaye tingatinga lilichimba mfereji katikati ya matete. Muthamia akakimbia kwa Mutuma, mwenyekiti wa mradi, aliyefungua faili mbele ya watu.

"'Chini ya shamba: hakuna kitu.' Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Lakini nilisema kwa adabu."

Watu wakaangua kicheko.

"Adabu tungeiandika wapi?" Mutuma akauliza. "Fomu haina mahali pake."

Muthamia alitaka kuwaambia habari za kaa na vyura. Badala yake akaondoka.

Baada ya wiki chache kinamasi kilikuwa ufa mkavu. Muthamia alimwokota kaa mmoja mferejini, akamtia kwenye ndoo.

"Utampeleka wapi?" Gatwiri akamwuliza. "Mimi umeninyamazia miaka thelathini, nimezoea. Hawa nao ulishindwa kuwasemea neno moja?"

Kaa alikufa siku ya tatu.

Mwaka huu Winrose amerudi na fomu mpya, kwa sababu maji yaliishia njiani na Mitunguu hayakufika.

"Mzee, kule chini kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akaandika. Gatwiri akaleta kikombe cha chai, akakiweka mezani, akarudi jikoni. Winrose akageuka kutazama mlango wa jikoni, akingojea sahani ya nduma.