Shingo ya Mama Taesik

Kabichi za Haenam, kusini mwa Korea, zilikuwa nzito mwaka ule, majani yamefumbana kama ngumi. Za Pilsun zilikuwa uani, zimelala kwenye maji ya chumvi tangu jana, na hakuna mwanamke aliyetokea kuzisuuza. Kimchi ya majira ya baridi, kabichi ya kuchachushwa kwa viungo, haitengenezwi na mtu mmoja. Leo wanawake wanakaa kwako, kesho kwangu, mpaka kijiji kizima kiishe. Nyumba ikirukwa, mwenye nyumba hahitaji kuambiwa kitu.

Pilsun, ambaye wengi walimwita Mama Taesik, alivaa glavu za mpira akaanza peke yake. Alijua kosa lake. Alikuwa bado ana shingo nzima.

Mambo yalianzia kwenye basi. Watoto walioko Seoul walikuwa wameshika mtindo wa kuwazawadia wazazi vipimo vya afya, na hospitali ya mjini ikawa inaleta basi hadi kijijini. Wanawake walipanda wamepaka midomo rangi, wamebeba mayai ya kuchemsha, kama wanakwenda matembezini. Kipimo cha shingo kilikuwa rahisi, wakaongezewa wote. Wakapakwa jeli ya baridi, wakapitishiwa kifaa, na karibu wote wakarudi na kivimbe.

Kufikia kiangazi walikuwa wamekatwa tezi ya shingo, mmoja baada ya mwingine. Walifunga skafu za hariri shingoni na kumeza kidonge cha badala ya tezi kila asubuhi kabla ya kula, na watameza hivyo hadi kufa.

Pilsun naye alichomwa sindano, zikatolewa chembe za kivimbe. Daktari wa mjini akamwambia, "Kinatia shaka. Tutoe tezi yote, mama, ulale usingizi." Akapangiwa siku.

Lakini kabla ya siku hiyo alimsikia Dokim.

Dokim, mama yake Jinmo, alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Ndiye aliyeimba kwenye kila karamu, na hata wanaume walevi walinyamaza. Baada ya kukatwa, sauti yake ilibaki kama upepo unaopita kwenye mlango wa karatasi uliochanika. Pilsun alikuwa mkuu wa kijiji. Kila alfajiri sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti cha juu ya nguzo: leo mbolea inagawiwa, kesho maji yatakatika. Alipomsikia Dokim akimfukuza kuku bila kuku kugeuka, alipiga simu hospitali akafuta upasuaji.

Akaenda kwa daktari mwingine, katika jiji la Gwangju, mtu mkavu asiyetabasamu. Huyo alirudia sindano, akapeleka chembe zikachunguzwe kwa undani zaidi. Majibu yalipokuja alisema, "Si kila kinachotiliwa shaka kinakatwa. Hiki hatari yake ni ndogo, na hakijakua. Rudi mwakani tukitazame tena."

Maneno hayo aliyasema Pilsun dukani, kwa furaha, mbele ya skafu zote zile. Tangu siku hiyo hakualikwa popote.

Lango liligongwa akiwa bado kwenye kabichi. Alikuwa Dokim.

"Nimefuata beseni langu," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza.

"Lina kabichi, dada."

"Zimwage."

"Mama Jinmo, nimekukosea nini?"

"Unaniuliza? Mkuu wa kijiji mzima, mwenye akili kuliko madaktari!"

"Sikusema nina akili. Nilisema niliuliza mara ya pili."

"Ndiyo hilo! Sisi ni wapumbavu tusiojua kuuliza. Tulikatwa kama samaki wa sokoni, siyo?"

"Nani kasema hivyo?"

"Shingo yako inasema! Kila ukipita." Dokim alikohoa, akashika koo. "Mimi daktari aliniambia ameniokoa. Niache niokolewe, mwanamke wewe. Laiti hicho kidudu chako kingekuwa saratani."

Alipotambua alichosema hakumwomba radhi. Alimwaga kabichi kwenye saruji yenye mchanga, akachukua beseni akaondoka.

Jioni mtu wa hospitali ya mjini alipiga simu. Kesho basi linakuja tena, kwa wanawake vijana safari hii. Mkuu atangaze kama kawaida. Pilsun alikaa nyumbani mbele ya maikrofoni ya kijiji, kabichi zake zenye mchanga zikiwa uani. Akitangaza kama kawaida, wataanza kumsalimia tena. Pengine hata beseni litarudi.

Alfajiri kijiji kilimsikia.

"Basi la vipimo litasimama mbele ya ghala. Anayetaka aende. Lakini kama humezi kwa shida na hujagusa uvimbe shingoni, unaweza kukikataa kipimo cha shingo. Ukiambiwa una kivimbe kinachotia shaka, usikubali kisu siku hiyohiyo. Uliza kwanza kama kinaweza kupimwa tena, au kusubiriwa. Mimi nilisubiri. Ni hayo tu."

"Mchawi!" mtu alipiga kelele kutoka bustani ya vitunguu saumu. Dirisha likafungwa kwa kishindo.

Alipofika ghalani, wenye skafu walikuwa wamekuja kuwasindikiza wakwe zao, makusudi kabisa. Walimpa mgongo. Mkwe wa Dokim, msichana mwembamba aliyeolewa mwaka uliopita, alikuwa na mguu mmoja ndani ya basi.

Dokim alimtazama mkwe wake. Akasogea, akamshika mkono wa koti, akamvuta chini kwa nguvu hadi kiatu kikatoka.

"Mama! Nimekosa nini?"

"Nyumbani kuna kazi."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyeniambia nije..."

"Nimesema nyumbani!" Sauti ilikatika katikati, ikabaki midomo tu.

Wale wengine waliinamisha macho. Dokim alimsukuma mkwe wake mbele, akapita karibu kabisa na Pilsun, bega likimgonga bega. Hakumsalimia. Skafu yake ilikuwa imelegea, na kovu lilionekana.

Pilsun alirudi kusuuza mchanga kwenye kabichi. Mwaka ule alizijaza viungo peke yake.