Amina Mbili za Nkololo

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya picha sikujua kwamba ni kazi. Nilikuwa katekista katika parokia moja ya Bariadi, nafundisha watoto komunyo ya kwanza na kuongoza ibada kwenye vigango ambako padre hakufika kila Jumapili. Paroko wetu, mmisionari mzee aliyekijua Kisukuma kuliko baadhi yetu, aliniita ofisini akanikabidhi sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kamera ya video, ile ya kubebwa begani, inayotumia mkanda mkubwa kama kitabu cha sala.

"Ndugu zangu wamenitumia," alisema. "Mimi macho yameisha. Jumamosi kuna ndoa, uipige."

"Baba Paroko, sijawahi kushika kitu hiki."

"Hata mimi sikuwahi kushika plau kabla ya kuja hapa. Nenda."

Ndoa ile niliipiga saa mbili nzima. Tulipoweka mkanda kwenye deki, yaani mashine ya kuuchezea, tuliona giza tupu na kusikia kwaya. Sikuwa nimeondoa kifuniko cha lenzi. Bibi harusi alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwalimu, usijali," aliniambia, maana kwetu katekista huitwa mwalimu. "Sauti ya mume wangu akikubali ipo. Siku akikana, nitamwekea." Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule. Angekuwa mtu mwenye hasira, kazi yangu ingeishia pale.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruhusa. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake ilianza kununuliwa na watu binafsi wenye malori yao, mitumba ikajaa gulioni, na kanda za video zikafika hata kwetu. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Banda la video lilifunguliwa Somanda, hapo hapo mjini Bariadi, na wanafunzi wangu wa mafundisho wakawa wanajua kurusha mateke kabla ya kujua Salamu Maria. Sikuwalaumu. Nilijiuliza tu kwa nini hawaoni kwenye kioo kile mtu hata mmoja anayefanana na mama yao.

Ndipo tukaanza, watu watatu. Masanja alikuwa fundi wa redio, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Yeye alishika kamera. Nkwimba alikuwa mshona nguo na mwanakwaya. Alicheza nafasi zote za wanawake mpaka alipochoka akaanza kutuletea shangazi zake. Mimi niliandika maneno na kutoa amri. Hatukuwa na kitu. Taa yetu ilikuwa kipande cha bati jipya, tulikishika pembeni kurudisha mwanga wa jua usoni mwa mchezaji. Stendi ya miguu mitatu Masanja aliichonga kwa mti wa mgunga. Kuhariri, yaani kukata picha na kuziunga upya, tulifanya kwa deki mbili: moja inacheza, nyingine inanakili, na kidole chako kikichelewa kidogo tu, maneno ya mtu yanakatika katikati. Filamu zetu zilikuwa za dakika kumi, kumi na tano. Karibu kila moja ilitufundisha kosa jipya. Tulijifunza kwamba upepo unakula sauti, na kwamba ng'ombe hatazami kamera ila mwenye ng'ombe huitazama muda wote.

Kamera yenyewe ilianza kuzeeka. Kijicho, lile tundu la kuchungulia picha, kilikufa kabisa. Masanja akafunga fremu ya waya juu ya kamera, akawa analenga kwa hiyo kama mtu anayelenga kwa manati. Hasara yake ni kwamba hatukuweza tena kuona alama ya kuonyesha kama mkanda unarekodi. Kibonyezo kilikuwa kimoja, chekundu: ukikibonyeza inaanza, ukikibonyeza tena inasimama. Tukategemea kumbukumbu. Mimi nikisema "Haya," Masanja anabonyeza. Nikisema "Basi," anabonyeza. Picha ya kwanza ya siku ilianza kwa sala, na alama yake ilikuwa Amina.

Kisha mmisionari wetu akarudi kwao kupumzika, akaja Paroko mpya. Alikuwa mtu wa milimani, kijana, mwenye utaratibu, asiyejua Kisukuma. Aliniita mle mle ofisini.

"Mwalimu, nasikia kamera ya kanisa inacheza sinema."

"Tunatengeneza mafundisho, Baba Paroko."

"Walei wananiambia kuna moja Masanja amecheza mlevi, na watu wakamkatalia kuwa msimamizi wa ubatizo."

Hilo lilikuwa kweli.

"Sikufukuzi," aliendelea. "Jumapili ya shukrani ya mavuno nionyesheni kitu kinachofaa kanisani. Kikifaa, kamera inabaki kwako. Kisipofaa, naipeleka stoo ya jimbo, nawe urudi kwenye katekisimu peke yake."

Alisema kwa upole, lakini nilitoka nikaenda moja kwa moja kumtafuta Masanja. Nilikuwa nimeipenda kazi ile kuliko nilivyothubutu kukiri, hata katika sala.

Nikaandika habari ya mama anayemsubiri mwanawe aliyepotelea mbali. Nafasi ya mama tulimpa mjane mmoja wa kijiji cha Nkololo tuliyemwita Mayu Holo, mayu ikiwa ndiyo mama kwa Kisukuma. Nilimchagua kwa uso wake, na kwa sababu kwake habari ile ilikuwa kweli. Mwanawe Shija alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na ulikuwa msimu wa nne hajaleta hata salamu. Nilimfundisha maneno yake kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia gulioni tu: "Ewe mwanangu mpenzi, mbona umemtupa mama yako aliyekuzaa?" Niliona ni maneno mazuri sana.

Siku ya kupiga picha tulifika uani kwake asubuhi. Nikaongoza sala, tukaitikia Amina. Lakini shemeji yake, mwenye mji ule, yaani kaya ile, mzee ambaye hakuwa amebatizwa, akainua mkono. "Nami nina neno kwa wakubwa wangu waliotangulia," alisema. Haikuwa adabu kumkatalia mtu katika mji wake. Akanena na wazee wake kwa Kisukuma, akawaombea wageni, na alipomaliza sote, kwa heshima, tukaitikia Amina.

Tukafanya kazi siku nzima. Mayu Holo alisimama mbele ya kamera kama mtu aliyeitwa barazani, akatamka maneno yangu moja moja, macho juu. Nikisema "Basi," anarudi kukaa kwenye gunia lililokuwa nyuma yake, pamoja na Nkwimba, wanaendelea kukata viazi vya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kuanikwa, huku kamera imesimama pale pale kwenye stendi yake. Nilisema Haya na Basi mpaka sauti ikakauka.

Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya mavuno, tuliwasha jenereta la parokia tukaweka mkanda. Hapakuwa na hata sentensi moja niliyoiandika. Palikuwa na maombi ya yule mzee, kisha Mayu Holo kwenye gunia, akikata viazi.

Masanja alirudisha mkanda mwanzo, akasikiliza tena. Kisha akasema, "Mwalimu, niliitikia Amina mbili."

"Wote tuliitikia."

"Mimi niliitikia na kidole."

Amina yangu iliwasha kamera, Amina ya mzee ikaizima, na tangu hapo kila Haya ilizima na kila Basi iliwasha. Tulikuwa tumerekodi mapumziko yote na kuacha filamu yote.

Nilitaka kulia. Nkwimba ndiye aliyesema, "Nyamazeni kwanza, msikilize anavyoongea."

Mayu Holo alikuwa akimsimulia Nkwimba, kwa Kisukuma, bila haraka. "Hivi vyeupe ni vya Shija, usivichanganye. Anapenda vyeupe. Mwaka wa kwanza nilimjazia kapu, wadudu wakala. Wa pili nikawapa mbuzi. Wa tatu nikawapa mbuzi. Huu wa nne." Alichagua kiazi kingine, akakigeuza. "Labda huko hawana michembe. Labda ameona aibu kurudi mikono mitupu. Mimi sihitaji mikono yake iwe na kitu." Halafu akacheka kidogo. "Na huyu mwalimu wenu ananifundisha kulia. Mimi nimelia kabla hajaota meno."

Tulitazama mkanda wote. Ndipo nikajua kwamba tuna filamu, na kwamba si yetu. Yule mama hakujua kama kamera inamsikia.

Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Nkololo. Njiani shetani aliniambia mara nyingi kwamba ningeweza kuionyesha tu, naye asijue, maana hakuwa na safari ya Bariadi. Nilimkuta anaanika. Nikamwambia yote, neno kwa neno, pamoja na ya mbuzi.

Alikung'uta mikono. "Na sauti yangu inasikika?"

"Inasikika, mayu."

"Nikimtaja Shija, inasikika?"

"Inasikika vizuri. Ukisema hapana, nafuta leo hii."

Alipanga vipande kadhaa juu ya jiwe. "Mwalimu, mimi nimemtaja miaka yote hii kwa ukuta. Waache wasikie. Ila pale nilipokucheka, pakate."

"Hapo sipakati, mayu."

"Basi shauri yako."

Jumapili baada ya misa tuliziba madirisha ya ukumbi kwa magunia ya pamba. Paroko alikaa mbele, mimi ubavuni mwake, nimtafsirie. Watu walipomwona Mayu Holo walicheka kwa furaha ya kumjua. Alipofika kwenye kapu la pili, ukumbi ukanyamaza. Nilifungua mdomo kutafsiri.

"Usitafsiri," Paroko alininong'oneza. "Nimeelewa."

Baadaye alinishika bega mlangoni. "Kamera inabaki. Lakini, mwalimu, usiwaandikie tena akina mama maneno yao."

Mkanda ule ulinakiliwa mara nyingi kuliko tulivyojua. Dereva mmoja wa lori la pamba aliomba wake, akaondoka nao.

Msimu uliofuata nilipita Nkololo kwa ajili ya ibada, nikaingia kumsalimu Mayu Holo. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kapu, akalifunua. Lilikuwa nusu. Nilikuwa bado nalitazama wakati kijana mrefu, mwembamba, alipotoka ndani akiinama mlangoni, akanisalimu, "Mwadila, mwalimu." Kisha akasema, macho chini, "Nilisikia michembe yangu wanakula mbuzi."

Mama yake alimpiga begani na mfuniko wa kapu.

Baada ya hapo nilihamishiwa Nyalikungu kule Maswa, nikakaa huko miaka mingi chini ya maparoko watatu. Kamera ilifia huko, na sanduku lake la bati ninalo bado. Sasa nimestaafu, nipo Somanda. Vijana huja na simu zao kuniuliza jinsi ya kutengeneza picha. Wana vijicho vinavyoona na alama inayowaka, hawawezi kukosea kama tulivyokosea sisi. Nawaambia wajifunze mwanga, wajifunze sauti, waombe ruhusa ya mwenye uso. Na wakishasema Basi, wasizime haraka.

Masanja hunitembelea Jumapili, tunakula pamoja. Nikimaliza kuombea chakula tunaitikia Amina. Yeye husubiri kidogo, anabonyeza meza kwa kidole gumba, anaitikia tena.