Majina Mawili, Dawa Moja

Siku ya kwanza kazini, katika duka la dawa muhimu pale Masasi, mwenye duka hakunipa hata kiti. Alinipa maboksi matatu ya dawa ya maumivu, akasema, "Soma maandishi madogo, uniambie tofauti." Nikasoma nimesimama. Majina makubwa yalikuwa matatu, lakini chini yake kote kuliandikwa parasetamoli, miligramu mia tano. "Hiyo ndiyo dawa," akasema. "Hayo mengine ni majina ya kiwanda. Mgonjwa hanywi jina."

Mimi si mtu wa kutulia, na kazi ile ilinifaa. Nilijifunza kutazama kiambata hai, yaani kile kinachotibu ndani ya kidonge, kisha nguvu yake na tarehe ya kuisha muda. Dawa mbili zikilingana na zote zimesajiliwa, nilimshauri mteja achukue ya bei nafuu. Msimu wa korosho ndio ulikuwa unanichosha. Watu wakishika hela walitaka boksi linalong'aa, wakaidharau dawa ileile waliyopona nayo miezi ya shida. Nilibishana nao mpaka mwenye duka ananiambia nipumue.

Baadaye akanihamishia tawi la Newala. Wakulima wa Makote na Mkunya wakanizoea, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi moja akaja Mama Zuhura wa Mkunya, mtu mzima kunizidi. Mjukuu wake alikuwa na homa, na zahanati walikuta hana malaria. Nikampa parasetamoli ya maji ya bei nafuu, nikamweleza kwamba inafanana kabisa na zile za gharama. Akaondoka ameridhika.

Hata robo saa haikupita, jirani yake akaingia dukani. "Mama Zuhura naye hatosheki," akasema. "Juzi tu mkwewe kamletea ile ya boksi jekundu."

Ya boksi jekundu ilikuwa parasetamoli vilevile. Nikafunga duka, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa namgombeza dereva kwa kosa langu mwenyewe.

Nilimkuta amempakata mtoto, chupa zote mbili ziko wazi, kijiko cha pili kimejaa. Nikakishika kijiko.

"Unaingia kwangu bila hodi wala shikamoo?"

"Shikamoo mama. Ya kwanza umeshampa?"

"Nimempa. Si umesema zinafanana? Wakilima wawili, shamba si linaisha mapema?"

Nikamwonyesha maandishi madogo kwenye chupa zote mbili. Akamwaga kijiko chini. Mimi niliona aibu kuliko yeye.

Nilipompigia simu mwenye duka, hakufoka. "Umemfundisha kuokoa hela," akasema, "lakini hukumuuliza nyumbani ana nini." Tangu hapo swali hilo lilitangulia bei.

Sasa nimestaafu, na kukaa kumenishinda. Nikienda kusalimia watu naomba kuona mfuko wao wa dawa, na wapo wanaouficha wakinisikia napiga hodi.

Mjukuu yule yuko sekondari. Parasetamoli ikizidishwa huumiza ini, na ini likiumia macho hugeuka njano. Najua hakukinywa kile kijiko, nilikishika mwenyewe. Lakini kila akinipa shikamoo, namtazama macho kwanza, ndipo naitikia marahaba.