Mtu Mmoja Aliyechimba Mtaro Mzima

Mtaro wa kwanza ulichimbwa na mtu mmoja. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye programu, ndivyo makao makuu Dar es Salaam walivyosoma, na hadi leo sijui kama kuna aliyefikiria kumtafuta mtu huyo ampe zawadi.

Mimi ni taimkipa wa saiti. Tunajenga chuo nje kidogo ya Bariadi, majengo mengi kwa mpigo, na kazi yangu ni kuandika nani kaja kazini na nani hakuja. Nilimaliza kidato cha nne Mwamapalala, nikakaa nyumbani nikilima pamba na kuota ndoto, ndipo nikapata kazi hii. Ndoto bado naziota. Injinia aliponikabidhi tableti akaniambia daftari basi, sasa kila kitu kinaingia kwenye programu, nilijiona kabisa niko kwenye ofisi yenye kiyoyozi, nimevaa koti, watu wananipigia simu kuniuliza mambo. Nilisahau tu kwamba wakipiga itabidi niwajibu.

Injinia si mtu wa kwetu, ametokea Kilimanjaro. Mpole, anakunywa chai bila sukari, jambo ambalo akina mama wa jikoni bado hawajalikubali. Alinikalisha akanieleza.

"Zamani tunajenga, tunamaliza, ndipo tunashtuka hela imeisha. Hii inakwambia leo leo. Kila kazi ina bajeti yake. Kijani, uko salama. Njano, angalia. Nyekundu, simama."

"Kama taa za barabarani."

"Umeziona wapi wewe?"

"Mwanza."

Akacheka. "Halafu inajifunza. Unaipa kazi zilizopita, yenyewe inapanga gharama za zinazokuja."

Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Inajifunzaje kuchimba, na haijawahi kushika jembe? Lakini niliitikia kwa kichwa, maana alikuwa ananieleza kwa upendo.

Kazi iliyopita niliyoanza nayo ni mtaro wa maji ya mvua, upande wa mashariki. Wakati ule mashine ya kuchimbia ilikuwa imeharibika, fomeni akaita kikundi cha kulima cha kijijini kwetu. Ni watu wanaolimiana mashamba kwa zamu. Wanakwenda na mwimbishaji wao na ngoma yake, na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Wakichukua kazi ya nje hawalipwi mmoja mmoja. Malipo yanaingia kwenye simu moja, yanakwenda kwenye shida moja waliyokubaliana. Safari hii shida ilikuwa nyumba ya mama mmoja mjane. Upepo uling'oa paa lote, akawa analala na wanawe kwenye jiko la jirani. Mtaro wa mashariki ulikuwa umeshatoa mbao na misumari. Mtaro wa magharibi ndio ungetoa mabati. Walikuwa wameshaahidiwa kazi hiyo, na mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa ziwa.

Mwenyekiti wao ni mama mrefu, mtu mzima, sisi sote tunamwita Mayu, yaani mama. Alikuja kusimama nyuma yangu nikiwa na tableti.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka, ng'wanone," akaitikia, yaani mwanangu. "Hiyo ndiyo inayolipa?"

"Ndiyo inayopanga. Inauliza mlikuwa wangapi."

"Kikundi kimoja."

"Watu, mayu."

"Kwani kikundi ni mbuzi?"

Fomeni alikuwa anapita na mabomba yake ya plastiki begani. "Wana jina moja, wana simu moja. Andika moja, twende kazini!"

Na mimi niliona sawa. Kwetu hakuna anayeuliza kikundi kimekuja na wangapi. Anayeumwa anamtuma dada yake. Anayechelewa anaingia kwenye mstari wimbo ukiwa katikati. Nikaandika moja. Programu ikawa kijani, kijani cha mpunga mchanga, nikafurahi siku nzima.

Siku chache baadaye mtaro wa magharibi ulijifungua wenyewe kwenye tableti. Mfanyakazi: mmoja. Bajeti: posho ya kibarua mmoja. Nilipojaribu kuongeza watu, kioo chote kikawa chekundu. Nikaizima, nikaiwasha. Nyekundu. Nikaipeleka kivulini nikidhani ni jua.

Injinia aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu aliyechimba mtaro wote huu peke yake ni nani?"

"Kikundi."

"Kikundi kina mikono mingapi?"

"Sijui. Huwa hatuhesabu."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akaacha kucheka. "Bajeti imeshafungwa Dar. Mimi siwezi kuifungua."

Mayu alikuwa mlangoni. "Kwa hiyo mabati?"

"Imekuwa nyekundu, mayu," nikasema.

"Mimi sikuuliza rangi."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nawafikiria wale watoto kwenye jiko la jirani, nikiwaza ni kitu gani hiki ambacho kinalinda hela za chuo kizima halafu hakioni watu walioinama mbele yake. Halafu nafikiri, lakini ni mimi niliyekiambia ni mmoja. Halafu nafikiri, lakini kweli walikuwa kitu kimoja. Nikaenda hivyo hadi jogoo.

Asubuhi Injinia alisema Dar watafungua kama tutawaonyesha upya kila aliyechimba na kazi aliyofanya. Tukakaa na Mayu, akitaja mmoja mmoja kwa kusitasita, kama mtu anayeulizwa ana ng'ombe wangapi. Kazi unachagua zilizomo: fundi, saidia fundi, dereva, mlinzi, msimamizi. Wengi waliingia vizuri kwenye saidia fundi. Tukafika kwa mwimbishaji.

"Huyu anafanya nini?" Injinia akauliza.

"Anaimba."

"Na nini kingine?"

"Akinyamaza, wanasimama," Mayu akasema.

Injinia akapekua chini, akapekua juu. "Basi huyu ni injini. Injini haimo humu." Mwisho akamweka msimamizi. Mama mjane naye, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaletea maji ya kunywa, tukamweka saidia fundi, na hakuna aliyebisha.

Jibu lilikuja kwa Kiingereza, nikalisoma mara mbili, nikampa Injinia alisome. Wamefungua. Watu wote wamekubaliwa, isipokuwa msimamizi, kwa kuwa mtaro ule tayari una msimamizi, ambaye ni fomeni. Kijani kikarudi. Mimi nikashindwa kukifurahia. Nilimfuata mwimbishaji nyumbani kwake, kijana mwenye kofia iliyochanika mbele, nikamweleza kuwa bajeti imemkata.

"Sasa niimbe au nisiimbe?"

"Sijui, kaka yangu."

"Waulize basi kunyamaza wananilipa ngapi."

Siku ya kuchimba alikuja. Aliimba kuliko siku zote, wimbo mpya, wa yule mtu mmoja aliyechimba mtaro mzima: yuko wapi, ameoa wapi, mbona leo hajaja kutusaidia? Majembe yalishuka, watu wakicheka na kuitikia, udongo mweusi ukiruka pembeni. Injinia alisimama ukingoni na tableti kifuani. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza, sidhani kama alijua.

Mabati yalinunuliwa. Yalipungua kidogo upande wa nyuma, ile sehemu ambayo ingenunuliwa kwa posho ya mwimbishaji. Akaleta bati lake la zamani, alilokuwa amefunikia banda la mbuzi, akalipigilia mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinikuta pale pale kwa mama mjane, nimeenda kuwasalimia. Tulikaa chini ya bati lile la mbuzi, watoto wamelala kwenye mkeka, na kelele juu ilikuwa kubwa hata tukawa tunapigiana makelele. Tableti ikatetemeka mkobani. Mtaro wa magharibi, ikasema kwa Kiingereza chake, umekwisha kabla ya muda. Je, nipunguze wafanyakazi kwenye kazi inayofuata?

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inauliza kama mlikuwa wengi mno."

"Iambie ije kipindi cha palizi!"

Nikabonyeza Hapana. Nilidhani tumemalizana. Ikafungua kisanduku kingine, cheupe, ikitaka sababu. Nikakaa na kidole hewani. Nilimfikiria Injinia, nikafikiria Dar, nikawafikiria waliomkata mwimbishaji bila kumsikia. Sababu hata mimi sikuijua vizuri.

Nikaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza cha neno hilo sikukipata: wamezoeana.

Programu ilizunguka kidogo, ikatafuta mtandao kwenye mvua, ikakubali.