Taa ya Njano ya Kambo Augustin

Kambo Augustin, baba yake mama yangu, alifanya kazi miaka thelathini na moja ndani ya chumba kimoja. Kilikuwa chumba cha kuongozea mitambo katika kiwanda cha shaba hapa Likasi, na kazi yake ilikuwa kutazama: vipimo vya presha upande huu, taa upande ule. Nilipokuwa mdogo nilidhani ananitania. Mtu alipwe kwa kutazama tu? Akaniambia kutazama ni kazi ngumu kuliko kupasua mawe kule Kakontwe, kwa sababu mwenye kupasua mawe anaweza kufikiria kitu kingine.

Amestaafu siku nyingi, lakini tabia za kile chumba alitoka nazo. Hasomi saa yake kabla hajagonga kioo mara mbili kwa ukucha, ti-ti, kama walivyokuwa wakigonga vipimo ili mshale usiwadanganye. Anagonga hivyo chupa ya gesi, ndoo ya maji, hata nazi sokoni. Na ana sheria moja ambayo sisi wajukuu wote tunaijua kwa moyo: taa ya onyo ikiwaka, huizimi na huifuniki, kwanza unatafuta inasema nini. Rafiki yake Damas aliwahi kutundika kofia juu ya taa iliyomsumbua macho. Mpaka leo mzee Damas akija kutusalimia, anatoa mkono wenye vidole vitatu.

Basi siku ya Pasaka, Kambo alipotoa motokari yake kwenda misa, taa ya njano ikawaka kwenye tablo, ule ubao wa vipimo mbele ya usukani. Ilikuwa na umbo la chungu kilichokatwa juu, na ndani alama ya mshangao: taa ya upepo wa matairi. Aligeuza motokari palepale, akairudisha chini ya banda, akatia ufunguo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati.

Ingekuwa mwaka mwingine tungecheka. Lakini Februari, Kambo Adrienne, mke wake, alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na mwezi wa tatu mama mdogo Jenny, binti yao wa mwisho aliyeolewa Kambove, akazaa mtoto wa kike na kumpa jina Adrienne. Bibi mwenye jina alikuwa kitandani, hakumwona. Alipoanza kutembea na fimbo, daktari alisema anaweza kusafiri, ila mguu unyooke. Sasa nani ameshawahi kunyoosha mguu ndani ya taxi-bus? Ilikuwa motokari ya Kambo, au asiende kabisa.

Mwezi wa sita ukafika, ubatizo ukawekwa siku ya Mungu, yaani Jumapili, iliyokuwa inakuja, na taa bado inawaka.

"Mutoto atabatizwa na jina yangu, na minye sitakuwako?" Kambo Adrienne alisema Jumatatu, akichambua maharagwe. "Ntaenda ata na pusupusu ya kubeba magunia. Banisukume paka Kambove."

"Mama, hauwezi kusafiri na motokari yenye inasema iko na shida," Kambo akajibu.

"Inasema tangu Pasaka. Muntu mwenye anasema tu kintu kimoja miezi mbili, bantu banaachaka kumusikia."

Kesho yake, nilipotoka shule, Kambo aliniambia tuende kwa Kabongo. Kabongo ni quado wa pale kwenye njia panda. Sisi huku quado ni fundi wa kuziba na kujaza matairi. Ilikuwa mara ya nne kumwendea. Aliposikia sauti ya ile motokari hata hakuinua kichwa.

"Papa Augustin, kama taa njo ingekuwa bibi, ningesema inakupenda."

"Pima," Kambo akasema.

Kabongo akapima. Gurudumu la kwanza upepo wa kilo mbili nukta mbili, la pili hivyohivyo, la tatu, la nne. Kambo akamnyang'anya kipimo, akakigonga ti-ti, akapima mwenyewe. Ileile. Kabongo akapaka maji ya sabuni pembeni mwa matairi yote tukatafuta mapovu, tukainama sote watatu kama watu waliodondosha sindano. Hakuna povu. Akaongeza upepo mpaka kilo tatu, tukazunguka sokoni, mgongo ukaruka juu ya kila jiwe. Taa inawaka. Akapunguza tena.

"Njo baridi," Kabongo akasema mwishoni. "Hii mwezi upepo unajikunja ndani ya mupira. Ata bantu banajikunja."

"Mwezi wa ine kulikuwa baridi?"

Kabongo akaingiza mkono ndani ya sanduku lake, akatoa ile scotch nyeusi, utepe wa gundi wa mafundi wa umeme, akakata kipande kidogo kama kucha ya kidole gumba.

"Papa, roue zote ine ziko bien, ziko muzuri. Unaona weye mwenyewe. Tuweke hii hapa juu, kidogo tu. Hautaiona tena, siku ya Mungu unapeleka mama Kambove."

Kambo akakitazama kile kipande muda mrefu. Nilijua anaona nini.

"Asante, Kabongo. Njo vile Damas naye alisema."

Tulirudi polepole. Nilikuwa nimemkasirikia kidogo, nakiri. Nilifikiri: magurudumu yote ni mazima, kila mtu ameona, na bibi atakosa ubatizo kwa sababu ya kitaa kikubwa kama punje ya hindi.

Alhamisi alasiri nikamkuta amekaa ndani ya motokari, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Leta daftari," akasema. "Minye nawasha, weye unaandika. Siku zote nilikuwa natazama kama iko inawaka. Sikutazama ginsi inawaka."

Akageuza ufunguo. Taa ikaanza kupepesa, kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Alikuwa ameshikilia saa yake mbele ya uso. Baada ya dakika moja na sekunde kadhaa ikaacha kupepesa, ikatulia inawaka tu. Akazima, akarudia. Dakika moja na kidogo, kisha ikatulia. Mara ya tatu vilevile. Niliandika yote.

"Kule kazini," akasema taratibu, "taa ikikaa tu, mashini njo inagonjwa. Ikipepesa, haiko mashini. Kipimo kimoja njo kimepotea. Chumba kinaita, hakuna mwenye anaitika." Akafungua kisanduku cha mbele, akanipa kitabu cha motokari ambacho sikuwahi kukiona kikifunguliwa, kwa sababu ile motokari ilitoka Amerika na kitabu chake ni cha Kiingereza. "Weye banakufundisha hii kintu ku shule. Soma."

Kiingereza changu ni cha saa mbili kwa juma, lakini nilikwenda kuchukua kamusi, nikasoma mpaka macho yakaniuma. Nikagundua jambo lililonishangaza kabisa: ndani ya kila gurudumu la ile motokari kuna kipimo kidogo, kimefungwa upande wa ndani tusioweza kuona, na kinasema na tablo bila waya. Kila kimoja kina namba yake, na motokari inazijua namba za vyake tu. Ukileta kigeni, hata kiwe kizima namna gani, haikisikii. Pale chini kulikuwa na picha ya motokari ikionekana kutoka juu, na vidoti penye magurudumu.

"Kambo, wamekosea kuchora," nikasema. "Vidoti viko vitano."

Akaichukua picha. Akahesabu. Akagonga kidoti cha tano, kile cha nyuma, ti-ti. Kisha akashuka, akazunguka, akafungua buti, akainua zulia.

Gurudumu la akiba, sisi tunaliita secours, lilikuwa limelala pale, jeusi, meno yake mapya kabisa. Kambo akalitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake.

"Hii haiko yangu," akasema. "Njo ya Dan."

Hapo ndipo akanieleza. Siku mama mdogo Jenny alipokuwa na uchungu wa kuzaa, Dan, mume wake, alikuwa amekuja Likasi kununua vitu vya mtoto, na wakati wa kurudi tairi likampasukia njiani, hana la akiba. Alimpigia Kambo simu. Kambo akamfuata, akampa secours yake, Dan akakimbia Kambove akafika mtoto analia. Majuma mawili baadaye Dan alirudisha gurudumu. Lakini hakurudisha lile. Lile lilikuwa limezeeka, na aliona aibu kumrudishia baba mkwe kitu kilichochakaa, basi akatafuta jingine lililo bora na kuleta hilo. Motokari haikutoka tena bandani mpaka Pasaka, lakini Kambo aliona tofauti siku ileile. Hakusema neno, kwa maana mkwe akikuletea kitu kizuri unashukuru, huulizi kile kibaya kiko wapi.

"Basi tumwombe lile la zamani," nikasema.

"Weye uko mutoto. Mukwe anipe ya muzuri, na minye niseme hapana, leta ile muzee? Atafikiri namukatalia."

Sauti ya Kambo Adrienne ikatoka dirishani. Kumbe alisikia yote.

"Bien. Weye ubaki hapa na heshima yako, minye naenda na pusupusu."

Kambo akakaa juu ya ukingo wa buti. Akakaa pale mpaka kuku wa jirani wakapita kwenda na kurudi. Halafu akatoa simu, akatafuta namba, akanipa mimi. Yeye akasimama hatua tatu kando, ameupa mgongo ukuta, kama mtu asiyehusika.

"Yaya Dan," nikasema, jinsi sisi tunavyomwita kaka mkubwa, "Kambo anauliza... anasema secours ulimuletea ni muzuri sana. Lakini anauliza kama ile yake ya zamani iko bado."

Dan akauliza kwa sauti ndogo, "Papa hakukasirika?"

"Akasirike juu ya nini?"

"Tangu nilete ile roue, Papa hajafika kwetu. Ata mutoto hajakuya kumuona. Minye na Jenny tulisema, labda tumemukosea, labda nilionyesha kama namulipa. Njo maana tuliogopa ata kuleta mutoto kule."

Niliondoa simu sikioni nikamnyooshea Kambo, naye akaitazama kama taa nyingine iliyowaka. Akaipokea.

"Dan. Minye sina kintu juu yako. Ile gurudumu ni muzuri kupita yangu. Shida ni hii motokari, haina heshima ya bukwe, inataka tu ya kwayo." Akasikiliza. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka. "Jenny anaweka beseni ya kufulia juu ya ile gurudumu yangu? Basi mwambie atoe beseni."

Jumamosi asubuhi Dan alifika. Lile gurudumu kuukuu alikuwa ameliosha kwa sabuni, chuma chake kinang'aa, na alilileta limefungwa ndani ya kitenge, amelibeba kwa mikono miwili. Alipiga goti kidogo, akalitoa. Kambo akalipokea kwa mikono miwili vilevile. Hakuna aliyecheka isipokuwa Kambo Adrienne.

Tulipitia kwa Kabongo akalijaza upepo, kisha tukalilaza kwenye buti na kushika barabara ya Kakontwe, Kambo usukani, Dan pembeni, mimi nyuma nimeingiza kichwa katikati yao. Taa ilipepesa, ikatulia inawaka. Tukapita kituo cha mafuta. Inawaka. Tulipofika penye malori ya chokaa, ikazimika. Haikufanya mlio wowote. Pale palipokuwa na njano pakawa peusi tu.

Kambo akasimamisha motokari kando ya barabara. Akagonga kioo cha tablo, ti-ti. Akangoja. Akagonga tena. Kisha akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa nayo tangu Pasaka, na Dan akajifuta uso kwa kile kitenge.

Siku ya Mungu Kambo Adrienne alikaa mbele, kiti kimesukumwa nyuma, mguu umenyooka juu ya mto. Hatujafika mwisho wa mtaa, akanyoosha kidole kwenye tablo.

"Na hii taa ya nyekundu?"

"Funga mukaba ya kiti, Mama."

Akafunga. Ikazimika. "Ah," akasema, "sasa naelewa kazi ulifanyaka."

Kambove walitungoja nje. Mama mdogo Jenny hakusubiri bibi ashuke. Alikuja mlangoni, akamlaza mtoto juu ya magoti ya bibi palepale kwenye kiti. Adrienne mkubwa akamtazama Adrienne mdogo, na maneno yote aliyokuwa nayo tangu Jumatatu yakamwisha. Kambo akazunguka motokari, akainama. Akagonga wayo wa mtoto kwa ukucha, taratibu sana, ti-ti. Mtoto akapiga teke.

"Iko bien," akasema Kambo.