Maana ya Jina la Bwana Pobjoy

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini leo nawapa, chekeni tu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi Juba kutoka Uganda tulikokimbilia vita, miaka ile ya sabini baada ya amani, nami nikapata kazi ya ukalimani kwa mhandisi wa visima, Mwingereza, Bwana Pobjoy, kwa majaribio ya wiki moja, na siku ya mwisho ndiyo hiyo tuliyokwenda Sherikat kuonana na wenyeji. Nikiharibu, kazi sina. Na kote nilikuwa nimejisifu kwamba Kiingereza nakijua mpaka mizizi (mdomo huu).

Mama Keji, mkubwa wa akina mama pale, akaniuliza, "Jina ya hawaja hii iko na maana gani?" Hawaja kwetu ni mzungu.

Lilikuwa swali la heshima, maana kwetu jina la mtu husimulia yaliyowapata wazazi wake alipozaliwa. Kuuliza si ujinga, ningemuuliza mwenyewe basi, lakini mbele ya umati ule nikaona nitajivua nguo, nikajibu kwamba ni jina la mtoto aliyebaki baada ya ndugu zake kufa.

Mama Keji akainuka, akamshika mzungu mikono yote miwili, "Malesh, mtoto yangu, malesh," yaani pole, na akina mama wakaangua kilio cha msiba kabisa.

"Kuna nini?" Pobjoy akaninong'oneza.

"Wanakukaribisha," nikasema.

Basi akatabasamu, akaanza kupiga makofi. Kilio kikakatika, wanaume wakasimama, na mimi nikaogopa kweli. Mwalimu mmoja aliyejua Kiingereza akaenda kumweleza mgeni yote.

Pobjoy akawa mwekundu. Akasema taratibu, mwalimu akitafsiri, kwamba jina lake ni neno la zamani la Waingereza la kasuku, babu yake mmoja wa kale alipachikwa kwa kupiga domo, na ndugu zake wanne wako hai wote. Watu wakacheka.

Mama Keji hakucheka. "Wewe iko najua," akaniambia, "mimi nazika watoto tatu njia ya Uganda. Mimi nalia na yeye sababu ya hiyo."

Nilijua. Mmoja nilisaidia kumchimbia kaburi.

Kazi alipewa mwalimu siku ileile. Tangu hapo nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, hata mbele ya askofu. Kwa Mama Keji nilikwenda mara nyingi kuomba radhi, na chai alinipa kila mara, ila mpaka anafariki hakunitaja tena kwa jina langu.