Mama Agnès na Mkwe Aliye Buloko

Siku ya kwanza Mama Agnès alipofika kwenye lango la gereza na kapu lake la chakula, askari alimwuliza amekuja kumwona nani. Mama akarekebisha kitambaa cha kapu. Askari akauliza tena, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka asubuhi yote. Mama akatazama viatu vyake.

"Nakuya kuona bwana ya mutoto wangu."

"Jina yake?"

"Bwana ya Myriam."

"Maman, humu ndani babwana ya bantu iko mingi. Jina!"

Mama hakulitaja. Aligeuka, akapanda teksi na kapu lake mpaka mtaani kwetu Naviundu, akaja moja kwa moja kwenye kibanda cha ushonaji changu mimi jirani yake. Mimi nilikuwa na gauni la watu mapajani na sindano mdomoni. Aliponieleza nilicheka mpaka sindano ikaanguka. Yeye hakucheka. Hapo nikajua nimepata kazi ambayo sikuiomba.

Kwa wasiojua: kwetu sisi tuliotoka upande wa Kasenga, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawatajani majina, hawali mmoja mbele ya mwenzake, hawasemezani bila mtu wa katikati. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Zamani mkwe akikutana na mama wa mke wake njiani aliingia majanini mpaka apite. Hapa Lubumbashi, penye majani machache, anajifanya anasoma bango la simu. Inakuwa hivyo mpaka siku familia ya mke itakaporidhika naye. Siku hiyo mama mkwe anapika vyakula vya kila aina, anamwandalia kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo kijana ni mtoto wa nyumbani. Hiyo tunaita kumwingiza mkwe. Vijana wengi wa siku hizi wanasema hawana muda na mambo hayo, na mimi mwenyewe nilikuwa upande wao.

Mama Agnès Kunda hakuwa upande wao. Ni mjane wa mtu wa reli, anauza samaki wakavu sokoni, anaimba kwaya parokiani kwa sauti nzito inayowafunika wanaume. Watoto wake amewalea peke yake kwa samaki hao hao. Ana kichwa kigumu, nisifiche. Akishasema jambo ni hivi, mnaweza kupiga kelele mpaka jioni, yeye atakuwa amekaa anapanga samaki wake.

Mkwe wake, Liévin Mwila, ni dereva wa lori. Alitoka Kambove na mzigo wa shaba, na alipofika mjini mzigo ulionekana umepungua. Hakuna mtu mwingine aliyeulizwa. Walimfunga angoje hakimu, na hakimu akawa hafiki. Myriam, mke wake, alikuwa na mimba ya shida, daktari amemwamuru alale asiinuke. Wazazi wa Liévin walishafariki. Na katika gereza lile mfungwa asiyeletewa chakula na watu wake analala na njaa. Alibaki nani? Alibaki mama mkwe, yule asiyeweza hata kutaja jina.

Basi nikawa mdomo wake. Langoni nilitaja jina mimi. Pale pale tukakuta sheria nyingine: aliyeleta chakula lazima akionje mbele ya mfungwa, watu waone hakina sumu. Tena, chakula kikiingia ndani kwenye vyumba, wenye nguvu wanakichukua, kwa hiyo mfungwa ni heri ale uani, kwenye benchi la wageni, hapo hapo mbele ya aliyemletea. Yaani gereza lilitaka Mama afanye kila kitu alichokatazwa na desturi.

Mwingine angeacha. Mama Agnès alikaa kwenye benchi akampa Liévin mgongo, akavuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Liévin naye akageukia upande wa pili. Mimi nikakaa katikati. Kuonja nilionja mimi, na nisidanganye, nilinenepa.

"Huguette, umuulize kama analala muzuri."

"Mama anauliza kama unalala muzuri."

"Umwambie ndiyo."

"Anasema ndiyo."

"Nasikia, masikio ninayo. Umuulize juu ya nini anakohoa vile."

Kati yao palikuwa na upana wa kapu moja. Askari walikufa kwa kicheko. Walinipa jina la Telefone, na hata wafungwa nikipita waliniita hivyo. Nilikuwa na hasira, lakini Mama hakuwajali. Aliuliza habari za mbu, za godoro, za wakili, akamwambia Liévin, kupitia kwangu, kwamba tumbo la Myriam linaendelea vizuri na kwamba mtoto anapiga teke wakati wa rozari. Liévin akacheka kidogo. Mama alisikia kicheko hicho, nikaona bega lake linashuka.

Tatizo ni kwamba Liévin hakula. Alikuwa anakata tonge moja, la pili, kisha ananawa na kusukuma sahani kwa wenzake. Hakuwa na dharau. Alikuwa na haya. Kutafuna mbele ya mama wa mke wake, hata mbele ya mgongo wake, kulimshinda. Kijana huyo alikuwa amelelewa vizuri, na malezi hayo hayo yalikuwa yanamuua. Kikohozi kikazidi. Muuguzi wa gereza akanivuta pembeni akaniambia kwamba dawa za kifua alizompa zinataka tumbo lenye chakula, na kwamba asipokula, hakimu atakuja kuita jina la mtu asiyekuwepo.

Siku hiyo tulipotoka nje ya lango, Mama akasimama.

"Huguette, we uko na macho. Uniambie."

"Mama, iko nakonda. Suruali anaifunga na kamba. Muuguzi anasema kama hakule, atakufa mu buloko."

Buloko ndilo neno letu la gereza. Mama akaanza kupanga sahani kapuni. Nikapandwa na hasira, nikasema maneno niliyokuwa nimeyameza siku nyingi: ageuke tu, amwangalie mtoto wa watu, aachane na mambo ya mababu yanayoua watu.

"Nikigeuka bule," akasema polepole, "njo atakufa na haya mbio. Ataona nimemutukana. Kama ni kufungua ile mambo, tutafungua na desturi yake, sawa bantu."

Jioni akamwita kaka yake mkubwa, Kalenga, ambaye yeye humwita Yaya, kwa sababu jambo hilo halifanywi bila wakubwa wa ukoo. Mzee Kalenga alikuja na fimbo, akasikiliza, akatingisha kichwa.

"Mukwe banamuingizaka ku nyumba, anavala kostime, bantu banaona. Ule iko mu buloko. Tutaingiza mwizi?"

"Yaya, hakimu hajasema mwizi. We njo hakimu?"

"Angojee atoke."

"Akitoka mu sanduku, utamuingiza wapi?"

Mzee alitazama fimbo yake. Aliondoka bila kuaga, nasi tukadhani mambo yameishia hapo. Kesho yake asubuhi alituma jogoo, mkubwa, mwenye hasira, aliyefungwa miguu kwa kamba nyekundu. Mama alimpokea jogoo huyo kwa mikono miwili kama sakramenti.

Sijawahi kuona mwanamke akipika vile. Akina mama wa parokia walikuja kusaidia, lakini chumvi alitia yeye peke yake. Bukari nyeupe, ndiyo ugali wetu, jogoo mzima, samaki wabichi wa Luapula aliowatafuta tangu alfajiri, sombe ya majani ya muhogo na karanga, na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye dumu jipya. Kila chungu kilifungwa kwa kitambaa cheupe, maana vyungu vya kumwingizia mkwe havifunguliwi na mtu mpaka mbele yake. Myriam alikuwa amelala chumba cha pili akisikia harufu. Alilia, akaomba apelekwe ajikokote hivyo hivyo. Mama akamwambia kazi yake ni tumbo.

Tukaenda, wanawake sita tumebeba vyungu kichwani, tukiimba kwa sauti ya chini. Mama alisema gereza si ukumbi wa harusi, lakini pia si matanga.

Langoni alikuwepo Kapya, askari mkali kuliko wote, yule aliyenibatiza Telefone.

"Fungueni."

"Hapana, shefu," Mama akasema. "Hizi zinafunguliwa mbele yake."

"Munakuya kuona nani?"

Nikafungua mdomo kama kawaida yangu. Mama alinitangulia.

"Liévin Mwila. Mutoto wangu."

Nusura niangushe sombe. Kapya alitazama vitambaa vyeupe, akatutazama sisi mmoja mmoja, kisha akavua kofia.

"Munaingiza mukwe?"

"Njo vile."

"Humu?"

"Humu. Fasi kwenye yeye iko."

Kapya akaitazama kofia mkononi. "Miye bakwe bangu banikataa mpaka lelo," akasema, na sauti yake haikuwa ya askari tena. Alitupeleka mwenyewe hadi uani, akawaondoa watu kwenye kivuli, akasema tutaonja mbele ya Liévin mwenyewe, naye Kapya atashuhudia.

Tukatandika mkeka. Liévin alipotoka na kuona safu ya wanawake wenye vyungu, alielewa mara moja. Aligeuka arudi ndani. Wenzake wawili wakamshika mabega, wakamkalisha taratibu. Akafunika uso kwa mikono. Nilimwonea huruma.

Mama akakaa mkekani mbele yake, miguu imenyooka kama mzazi anavyokaa kwake. Akasukuma kitambaa chake nyuma, uso wote ukawa wazi. Akachukua mikono ya Liévin, akaitoa usoni, akaimwagia maji, akaiosha kidole kwa kidole. Hapo ndipo alipoona jinsi mikono hiyo ilivyobaki mifupa. Aliendelea kuosha.

Akafungua chungu kimoja kimoja. Akakata tonge, akachovya kwenye mchuzi wa jogoo, akala. Alitafuna polepole akimwangalia machoni, mbele ya askari, mbele ya wafungwa, mbele yetu sote. Kisha akatafuta firigisi mchuzini, ile ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na hakuna mwingine anayeigusa, akaiweka upande wa sahani ya Liévin.

"Nakula mbele yako," akasema. "Haya inaisha. Niko mama yako. Kula."

Wafungwa waliokuwa uani, wezi na wasio wezi, waligeuza nyuso ukutani. Hakuna aliyewaambia. Mimi nililia waziwazi, na Kapya alikuwa anahangaika na kofia yake.

Liévin akakata tonge. Kipande kikaanguka mkekani, Mama akakiokota akakitupa kando. Akakata jingine. Akala. Akala firigisi, akala paja la jogoo, akala samaki mpaka kwenye mifupa, akalamba mchuzi vidoleni. Alikula bila kuinua kichwa, machozi yakimdondokea sahanini, naye hakuyafuta. Sahani ikawa nyeupe.

Akainua macho. Hakunitazama mimi.

"Mama," akasema, "bukari iko ingine?"

"Iko, mwanangu."

Mama akapakua tena, kilima kizima. Liévin akakila chote.